Wimbo wa Jumapili na maji ya saa 11: uchambuzi wa kisa cha nyimbo na kumbukumbu

Majina, mtaa na baadhi ya tarehe vimeondolewa au kubadilishwa ili familia isitambulike. Nyimbo nazo hazikutajwa. Kila moja imepewa jina la kazi iliyoifanya ndani ya kisa. Bendi zimeachwa zilivyo, maana bila kujua nani alipiga wapi na miaka gani, kisa hiki hakieleweki.

## Usuli

Mhusika ni mama aliyezaliwa Tanga mnamo 1950, mjane, karani mstaafu, ambaye kwa miaka michache sasa anaishi Dar es Salaam kwa binti yake. Ana ugonjwa wa Alzheimer uliothibitishwa hospitalini. Asubuhi huwa mtulivu: hunywa chai, huitikia shikamoo, hukaa barazani. Ikifika saa 11 jioni huanza kuhangaika. Hukusanya nguo, husimama mlangoni akitaka "kwenda nyumbani", na akipelekwa kuoga hupigana hadi kumkwaruza dada wa kazi. Masikio yake yamedhoofika, hasa kwa sauti nyembamba. Dawa zake hazikubadilishwa katika kipindi chote kinachoelezwa hapa.

Wazo la kutumia muziki lilitoka kwa mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo. Lina msingi. Mwaka 2009 Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alionesha kwamba eneo la mbele ya ubongo, karibu na katikati, hushughulika kwa pamoja na mwenendo wa wimbo na kumbukumbu za maisha ya msikilizaji. Mwaka 2015 timu ya watafiti iliyowahusisha wa Leipzig, Ujerumani, ilikuta kwamba sehemu za ubongo zinazohusika na nyimbo zilizozoeleka kwa muda mrefu ni miongoni mwa zile zinazochelewa kuharibiwa na Alzheimer. Mgonjwa asiyekumbuka alichokula mchana anaweza kuimba beti tatu bila kukosea.

Familia ilichokijua kuhusu muziki wake ni sentensi moja: "Bibi anapenda zilipendwa." Karibu matatizo yote ya mwezi wa kwanza yalitokana na kuiridhia sentensi hiyo.

## Mfululizo wa matukio

### Orodha ya kwanza

Mjukuu alikusanya nyimbo 40 kutoka kwenye orodha zilizokwisha tayarishwa mtandaoni. Nyingi zilikuwa za mwisho wa miaka ya 1970 na za miaka ya 1980: Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, Msondo enzi za JUWATA, jumuiya ya wafanyakazi iliyoimiliki bendi hiyo, na bendi nyingine zilizotamba Dar es Salaam wakati huo. Zilipigwa kwa vipokea sauti vya masikioni, saa nzima, kuanzia saa 10 jioni, simu ikichagua wimbo yenyewe.

Siku ya kwanza mama alitabasamu kidogo, kisha akavivua. Matangazo ya biashara yalikuwa yakiingia kati ya nyimbo kwa sauti kubwa, na kila yalipoingia aligeuka kumtafuta aliyesema. Siku ya tatu vipokea sauti vilikutwa chini ya mto. Nyimbo nyingi alizisikiliza kama mtu anayesubiri zamu yake benki.

Hesabu ya miaka inaeleza sababu. Mwaka 1978 mama huyu alikuwa na miaka 28, ana watoto, na dansi alikwisha kuliacha. Nyimbo zile zilikuwa za ujana wa wadogo zake, na kwa sehemu kubwa za utoto na usichana wa binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimtajia mjukuu "vibao vya Bibi". Binti alikuwa amemtengenezea mama yake orodha yake mwenyewe bila kujua.

### Wimbo wa kaka

Wimbo mmoja tu wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulikuwa umeingia kwenye orodha, tena kwa ombi maalumu la binti. Ulikuwa wimbo wa mapenzi, mchangamfu, ambao mama amekuwa akiuvumisha miaka yote anapoosha vyombo. Ulipopigwa Jumamosi moja, mama aliimba ubeti wa kwanza wote, na nyumba nzima ikafurahi. Chemko, yaani sehemu ya mwisho ya wimbo wa dansi ambayo huchangamka watu wacheze, lilipoanza akasimama, akaita jina la kiume ambalo wajukuu hawakulijua, akalia. Hakula hadi usiku.

Binti alitaka muziki uachwe kabisa. Mjukuu aliona machozi ni dalili njema, kwamba "kitu kimefunguka". Muuguzi wa kliniki aliyepigiwa simu aliwaambia wasifanye lolote kati ya hayo mawili: wasimamishe kwa wiki moja, na kabla ya kurudi wampate mtu aliyeishi na mama kabla hajaolewa.

### Simu ya Tanga

Mtu huyo alikuwa mdogo wake mama, anayeishi Tanga hadi leo. Mazungumzo yalifanyika kwa simu mara mbili, na mjukuu aliambiwa asiulize "Bibi alipenda wimbo gani". Swali hilo huleta majina ya nyimbo maarufu, basi. Aliuliza mambo ya nyumba na njia: akiwa na miaka 15 mlikaa nyumba gani, redio ilikuwa ya nani na ilikaa chumba gani? Gramafoni alikuwa nayo nani? Alikwenda dansi na nani, siku gani, alirudi kwa njia ipi? Harusi ya kwanza aliyovaa nguo ya kushonewa ilikuwa ya nani, na kikundi gani kilipiga?

Majibu yalijaza kurasa nne. Baba yao hakuruhusu dansi. Mama na binamu yake walikuwa wakitoroka Jumapili mchana kwa kisingizio cha kumwangalia shangazi, viatu vya dansi vikiwa ndani ya kikapu, kwenda kuwasikiliza Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, bendi mbili kubwa za Tanga za enzi hizo. Harusini palikuwa na taarabu ya Black Star Musical Club, ile ya Tanga iliyoingiza gitaa na besi la umeme, watu wakawa wanaicheza badala ya kuketi na kusikiliza tu.

Kisha wimbo uliomliza.

"Huo wa kaka," mama mdogo alisema. "Santuri ilikuwa yake. Sisi tulikuwa tunapenda upande wa kwanza wenye maneno, yeye anageuza upande wa pili acheze. Habari zake zilipokuja kutoka vitani, baba akaifunga gramafoni. Upande ule haukupigwa tena nyumbani kwetu."

Kaka huyo alikuwa mwanajeshi. Alikwenda Vita vya Kagera, vilivyoanza Oktoba 1978, hakurudi.

Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika hazikubeba dakika nyingi kila upande, hivyo wimbo mrefu wa dansi ulikatwa: maneno upande wa kwanza, chemko upande wa pili. Faili la mtandaoni lilikuwa limeunganisha pande zote mbili. Kwa miaka zaidi ya 40 mama alikuwa akivumisha upande wa kwanza peke yake, na hakuna aliyegundua kwamba huwa anaishia mahali pale pale.

### Orodha ya pili

Nyimbo 12 zilichaguliwa kwa vigezo vitatu: ziwe zilisikika Tanga kati ya 1962 na 1975, mama akiwa na miaka 12 hadi 25, ziwe na mtu au mahali anapoweza kupataja mama mdogo, na zisiwe zile zinazopigwa kila harusi hadi leo.

Kila wimbo ulijaribiwa peke yake, saa 4 asubuhi baada ya chai, si zaidi ya nyimbo mbili kwa siku, na ukapigwa hadi mwisho. Kujaribu kwa sekunde 30 za mwanzo ni kosa kwa muziki wa dansi, kwa sababu utangulizi wa gitaa ukifuatwa na ubeti hujulisha wimbo, lakini mwili huamka kwenye chemko. Mjukuu alijaza karatasi yenye safu tano: uso, mikono na miguu, sauti, jina au neno jipya, na hali dakika tano baada ya wimbo kwisha. Alama zilikuwa nne: toa kwa wimbo unaomsumbua, sifuri kwa usiomgusa, jumlisha kwa unaomgusa, na jumlisha mbili kwa unaomgusa sana. Safu ya tano ndiyo iliyookoa mengi. Wimbo mmoja ulimchezesha mabega vizuri sana, lakini kila ulipokwisha alianza kutafuta mkoba na kutaka kuondoka. Uliondolewa.

Vipokea sauti viliachwa. Spika ndogo ya blututhi iliwekwa mbele yake, umbali wa mita moja hivi, besi ikipunguzwa, kwa sababu besi nzito ya spika hizi hufunika sauti ya mwimbaji, na mtu ambaye masikio yake yamepoteza sauti nyembamba hubaki akisikia mvumo usio na maneno. Kiwango kilipimwa kwa njia rahisi: mtu aliyeketi kando aweze kuongea bila kupaza sauti. Nyimbo zilihifadhiwa kwenye simu na intaneti ikazimwa. Tangazo moja katikati ya ubeti linatosha kuharibu asubuhi.

Tatizo lisilotarajiwa lilikuwa nakala. Wimbo mmoja wa taarabu ulipata sifuri mara mbili, na mama mdogo akashikilia kwamba haiwezekani. Nakala nyingine ilipopatikana, mama aliingia kuimba kabla ya mwimbaji. Zilipolinganishwa, ile ya kwanza ilikuwa ya kasi zaidi na imepanda kwa karibu nusu toni, ile hatua ndogo kati ya noti mbili zinazofuatana kwenye kinanda. Kanda ikichezwa kwa kasi iliyozidi asilimia 6 wakati wa kuihamishia kwenye kompyuta, wimbo wote hupanda kiasi hicho, na sauti ya mwimbaji hubadilika tabia. Vijana hawasikii kasoro. Aliyeuimba wimbo huo mamia ya mara husikia mtu mwingine. Nakala zilizorekodiwa upya kwa kinanda cha kisasa zilipata sifuri zote bila ubishi.

Mwishowe nyimbo tano zilibaki na alama ya jumlisha au zaidi. Mmoja, wimbo wa Jumapili, ulimfanya ataje jina la binamu yake na kusimulia jinsi walivyorudi peku, viatu mkononi, ili baba asisikie visigino uani. Binti yake alikuwa hajawahi kuisikia hadithi hiyo.

### Maji ya saa 11

Dada wa kazi aligundua kwamba wimbo wa Jumapili ukipigwa, mama hukubali kushikwa mkono na kutembea. Akaanza kuutumia saa 11 jioni kumpeleka bafuni. Kwa wiki mbili kazi ilikuwa nyepesi, na familia ikasifu. Wiki ya tatu, gitaa la kwanza liliposikika, mama alishika mikono ya kiti na kusema, "Sitaki maji." Siku zilizofuata wimbo huo ulipopigwa asubuhi barazani, pasipo maji wala taulo, aligeuka kutazama mlango wa bafu. Hadithi ya viatu haikuja.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuunyamazisha wimbo wa Jumapili kwa mwezi mzima, kila mahali, hata kwenye simu ya mjukuu, ulikokuwa mlio wa kuamkia. Kuendelea kuupiga asubuhi "ili azoee" kungekuwa kubahatisha: kila mara unaposikika unaweza kukaza uhusiano na maji badala ya kuulegeza.

Wa pili ulikuwa kuhamisha kuoga kwenda asubuhi, saa mama anapokuwa na utulivu. Ilikuwa hatua ya wazi ambayo ilipaswa kutangulia muziki wote, lakini utaratibu wa nyumba ulikuwa umejengwa kwenye ratiba ya kazi ya binti.

Wa tatu unafaa kuigwa. Kwa ajili ya bafuni ulichaguliwa wimbo uliokuwa na sifuri: unajulikana, haumchukizi, haumkumbushi mtu yeyote. Wimbo wa namna hiyo ukichafuka kwa maji hakuna kinachopotea. Nyimbo zenye jumlisha mbili zilipewa masharti kwamba zisitumike kumsukuma kufanya jambo lolote.

Wa nne ulihusu maswali. Binti alikuwa amezoea kusema, wimbo ukiendelea, "Mama, huu si ndio ulicheza na Baba?" Mama akaitikia, na baada ya siku chache akawa analisema mwenyewe. Mama mdogo alicheka: shemeji yake alikuwa Moshi miaka ile, hawakuwa wamejuana. Tangu hapo ikakubaliwa kukaa kimya wimbo unapopigwa, na ukiisha kusema neno moja tu: "Enhe?"

## Matokeo

Baada ya mwezi, wimbo wa Jumapili ulirudishwa mahali papya: uani chini ya mti, si barazani, mama mdogo akiwa kwenye simu. Mama aliuimba. Hadithi ya viatu ilikuja siku chache tu, na kwa vipande. Haikurudi ilivyokuwa kabla ya wiki za bafuni.

Mahangaiko ya jioni yalipungua, na mapambano ya kuoga yalikwisha karibu yote. Sifa hiyo haiwezi kupewa muziki peke yake, maana saa ya kuoga ilibadilishwa katika wiki hizo hizo. Kinachoweza kuhesabiwa upande wa nyimbo ni kile kilichoandikwa kwenye karatasi: majina ya watu sita, nyumba mbili, njia moja ya kurudi kutoka ukumbini, na kwamba baada ya nyimbo tatu kati ya tano mama hubaki akiongea kwa sentensi ndefu kwa robo saa hivi. Siku ya wiki hajui, na jina la mjukuu anayemwekea nyimbo hulisahau.

## Uchambuzi

Kilichofanya orodha ya pili ifae kuliko ya kwanza ni miaka, lakini miaka haitoshi kueleza. Ni kweli kwamba watu wazima hukumbuka zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 ya maisha yao, na kwa muziki kilele huwa mapema zaidi ndani ya kipindi hicho. Wengi huishia hapo na kupakua vibao vilivyovuma miaka husika. Vibao vikubwa, hata hivyo, ni vishikio dhaifu. Wimbo uliopigwa redioni kwa miaka 50, kwenye kila harusi na kila kipindi cha zilipendwa, umeshikamana na siku nyingi mno, na ukiupiga hauiti hata moja. Wimbo uliosikika mara mia ndani ya msimu mmoja kisha ukapotea ndio unaokuja na mtu, mahali na harufu yake. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara ilipokuwa na redio ya serikali pekee, mtaa mzima ulisikia wimbo mmoja kwa wakati mmoja. Umaarufu huo ndio unaowapotosha watafutaji wa leo.

Hata hivyo, ubaya wa orodha ya kwanza haukuwa kwamba nyimbo nyingi hazikuamsha kitu. Katika utafiti wa Janata na wenzake wa 2007, hata kwa vijana wazima na nyimbo za ujana wao wenyewe, karibu asilimia 30 tu ya vipande ndivyo vilivyoamsha kumbukumbu ya maisha. Nyimbo tano kati ya 12 ni mavuno mazuri. Kosa jingine la orodha ya kwanza lilikuwa kutoandika chochote, kiasi kwamba mwisho wa wiki hakuna aliyejua ni wimbo upi ulimgusa.

Wimbo wa kaka unafundisha jambo ambalo familia nyingi hulikosa: maneno na mdundo havisemi wimbo umebeba nini. Maneno yalikuwa ya mapenzi, mdundo wa kuchezwa, na msiba ulikuwa ndani yake. Dalili ilikuwepo wazi kwa wakati wote, yaani kuishia mahali pamoja kila anapouvumisha. Mtu anayekatisha wimbo mahali pale pale kwa miaka aulizwe, au aulizwe ndugu yake, kabla wimbo haujapigwa mzima. Na ushauri wa muuguzi ulikuwa sahihi kwa pande zote mbili: kuacha muziki kungepoteza nyimbo tano, na kurudia machozi kwa mtu asiyeweza tena kusema "inatosha" si tiba.

Kushindwa kukubwa zaidi kulikuwa kwa bafuni, nako kulitokana na mafanikio. Uwezo wa wimbo kushikana na tukio hauishi ujanani, wala haukomeshwi na ugonjwa huu mapema. Mama asiyeweza kukumbuka kwamba ameoga jana alijifunza ndani ya wiki chache kwamba gitaa lile maana yake ni maji, kwa sababu kujifunza kwa namna hiyo hutumia njia nyingine za ubongo kuliko kukumbuka habari. Mapumziko ya mwezi hayakufuta uhusiano huo. Yaliufifisha, na kubadilisha mahali kulisaidia. Familia iliutendea wimbo kama kumbukumbu ni kitu kilichohifadhiwa ndani yake salama, kumbe kila unapopigwa huongezewa cha siku hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo mjukuu naye sasa ana nyimbo tano za Tanga za kabla hajazaliwa ambazo kwake ni bibi, uani, saa 4 asubuhi. Watafiti Krumhansl na Zupnick walilionesha hilo mwaka 2013: vijana hubeba kumbukumbu zao wenyewe kwenye nyimbo za enzi za wazazi wao, walizolelewa nazo.

Wimbo wa kaka haukufutwa. Mama mdogo aliomba ubaki, kwa kuwa mama bado anauvumisha mwenyewe. Mjukuu alilikata faili mahali santuri ilipokuwa ikigeuzwa, na upande wa kwanza hupigwa mama mdogo anapokuwepo. Karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kabati kwa ajili ya dada wa kazi ina mistari michache: nyimbo tano na saa zake, wimbo wa bafuni, upande usiopigwa, na tarehe ya kujaribu upya zote kila baada ya miezi mitatu, kwani wimbo wenye jumlisha leo unaweza kupata sifuri au toa kadiri ugonjwa unavyosonga.